Kifuta Machozi Si Fidia

Kila mwaka, tangu mahindi yanapobeba hadi mpunga wa Pawaga unapoingia ghalani, nia za Misa zinazotoka katika vigango vya tarafa za Idodi na Pawaga hubadilika. Watu huwaombea marehemu na wagonjwa wao kama kawaida, lakini huongezeka nia moja: Mungu awazuie tembo. Kwa sisi tunaokaa hapa Kihesa, mjini, penye taa za barabarani, nia hiyo ni rahisi kuisikia kama tunavyosikia maombi ya mvua. Lakini mvua haina mwenyewe hapa duniani. Tembo anaye.

Hatusemi hivyo kwa mzaha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009, inatamka kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na kwamba Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya Watanzania. Mkulima haruhusiwi kumgusa tembo. Akimuua na kukutwa na meno yake, anakwenda jela miaka mingi. Sheria hiyo hatuipingi. Bila ya ukali wake huenda leo tusingekuwa na tembo wa kuzungumzia. Tunachosema ni kwamba mwenye mali huulizwa habari za mali yake, na swali hilo ndilo ambalo waamini wa Idodi wamekuwa wakiliuliza miaka nenda rudi, tena kwa upole wa kushangaza.

Kwa wasioijua njia hiyo: ukitoka Iringa mjini ukapita Kalenga, kilometa zipatazo 130 zinakufikisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kabla ya kufika unapita katikati ya mashamba ya watu, Idodi, Mapogoro, Tungamalenga, na pembeni yako wako watu wa Makifu na Mahuninga. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964. Mwaka 2008 ikaunganishwa na eneo la Usangu, upande wa Mbarali mkoani Mbeya, ikafikia zaidi ya kilometa za mraba 20,000. Haina uzio. Watu waliokuwa wakiishi ndani ya eneo hilo hapo zamani walihamishwa, na wajukuu wao ni miongoni mwa wanaolima leo kandokando yake. Basi anayesema kwamba wanakijiji wamewafuata wanyama, aulize kwanza nani alimfuata nani.

Mtu wa mjini hudhani hasara ya tembo ni mahindi. Mahindi ni sehemu tu. Tembo mkubwa hula kilo 150 na zaidi za majani kwa siku, na anachokikanyaga ni kingi kuliko anachokila. Kundi dogo likiingia shambani usiku, asubuhi familia inakuta msimu wake umekwisha. Lakini kuna hasara isiyoandikwa katika fomu yoyote. Baba analala kwenye dungu miezi mitatu, na mbu, na baridi ya alfajiri, akipiga debe. Mchana mke na watoto wanaamia ndege katika mpunga, usiku wanaume wanalinda tembo, na katikati ya zamu hizo mbili mtoto anatakiwa afike shuleni akiwa macho. Mama anayekwenda kuteka maji kabla ya jua kuchomoza hajui nini kimesimama nyuma ya mbuyu. Tembo hunusa nafaka hata ndani ya nyumba, na ukuta wa udongo kwake si kitu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hazikutani jioni. Jumapili kanisani wanaume ni wachache, na aliyefika anasinzia tangu Somo la Kwanza. Paroko anayewakaripia kwa kusinzia hajauliza walilala wapi.

Tena tutazame namna msaada unavyokuja. Kwelea kwelea wakivamia mpunga, serikali hutuma ndege kunyunyizia dawa. Tembo wakivamia, huja askari wachache wenye mabomu baridi, gari likiwapo na mafuta yakipatikana. Askari hao hatuwalaumu. Wengi wao ni vijana wa vijiji hivyo hivyo, na kazi wanayofanya gizani ni ya hatari. Tunapima tu uzito ambao taifa limeupa kila upande.

Sasa tufike kwenye fedha. Kwa kanuni za mwaka 2011, aliyeharibiwa mazao na wanyama wa hatari hupewa kinachoitwa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Viwango vilivyowekwa wakati huo vilikuwa hivi: kifo cha mtu, shilingi milioni 1, ekari ya mazao, kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na isizidi ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikupewa chochote. Miaka ya karibuni serikali imevipandisha viwango hivyo, na tunaipongeza. Lakini mantiki yake ndiyo tunayotaka kuihoji. Mita 500 za mwanzo ndiko tembo anakopita kwanza, na mara nyingi aliyelima hapo hakuufuata mpaka. Mpaka ndio uliomfuata. Tena ili kupata hizo shilingi, mkulima anaripoti kwa mtendaji wa kijiji, anasubiri tathmini ya maofisa wa wilaya, karatasi zinapanda hadi wizarani, na wengi husubiri zaidi ya mwaka. Njaa haisubiri mwaka.

Maneno yenyewe yanasema mengi. Kanuni hazikutumia neno fidia, na halikuachwa kwa bahati mbaya. Fidia ni haki: nimekuharibia, nakulipa, tumemalizana. Kifuta machozi ni hisani: nakuona unalia, nakuhurumia, pokea hiki. Anayepewa hisani hana la kudai akipewa kidogo, wala akicheleweshewa, wala akinyimwa. Anashukuru tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Utume wa Walei ya mwaka 1965, namba 8, ulifundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile ambacho mtu anastahili kwa haki kisije kikatolewa kwake kama zawadi ya mapendo. Mafrateri wetu wanaisoma hati hiyo darasani. Hatujui mahali pazuri zaidi pa kuifanyia mazoezi kuliko njia ya Kalenga.

Na kabla ya Mtaguso kuna Musa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Ng'ombe akimuua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia ya damu. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alijulikana kwa tabia hiyo, na mwenyewe akaonywa, naye asimfungie, basi mambo yanabadilika: mwenyewe anawajibika, kwa uhai wake au kwa ukombozi atakaotozwa. Sura ya 22, aya ya 5, inaongeza kuhusu mazao: mnyama wa mtu akilisha katika shamba la mwingine, mwenye mnyama atalipa kutoka katika sehemu iliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Sehemu iliyo bora, ndugu msomaji. Haikuandikwa kilichobaki mwisho wa bajeti.

Tunajua pingamizi litakalokuja, maana tumelijadili sisi kwa sisi. Tembo si ng'ombe. Hakufugwa, hana kamba, hakuna aliyemtuma. Tangu zamani wanasheria waliwatenga wanyama wa mwitu na wa kufugwa, na aliyeharibiwa na mnyama wa mwitu alihesabiwa kama aliyepigwa na radi. Ni kweli. Lakini zamani hizo mwenye shamba aliruhusiwa kuchukua mkuki. Serikali ilipomwambia mkulima, usimguse, ni wangu, ilichukua nafasi ya mwenye ng'ombe, na nafasi hiyo ina wajibu wake. Na tutazame upande wa pili wa mpaka. Ng'ombe wa mfugaji akiingia hifadhini, hakuna anayesema kwamba ni mnyama tu, hajui ramani. Anakamatwa, na mwenyewe anatozwa faini kwa kila kichwa. Mpaka ule ule, majani ni majani, lakini upande mmoja kuna faini na upande mwingine kuna kitambaa cha kufutia machozi.

Jirani zetu wa Kenya walichagua neno jingine. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaita fidia, na kwa kifo iliweka shilingi milioni 5 za kwao. Utekelezaji umewashinda kwa sehemu kubwa. Madai yamelundikana kwa miaka na familia nyingi bado zinasubiri. Wapo wanaoutumia mfano huo kusema afadhali ahadi ndogo inayolipika. Sisi tunausoma tofauti. Mjane wa Kenya anayecheleweshewa anaweza kusimama na kusema, mnanidai haki yangu mliyoiandika wenyewe. Mjane wa huku aseme nini?

Wengine, hata miongoni mwa waamini wetu, wanasema dawa ni moja: wapunguzwe kwa risasi, wamezidi. Hoja hii inahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu anayeisema ni mtu aliyeona tembo wengi mwaka huu kuliko alioona miaka kumi iliyopita, na macho yake hayamdanganyi. Lakini tukumbuke tulikotoka. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta Tanzania nzima ina tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Ujangili ulifyeka zaidi ya nusu katika miaka mitano, na Ruaha ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Wameanza kurudi, ndiyo, lakini bado hawajafika walipokuwa. Kinachoonekana kijijini kama wingi, kwa sehemu kubwa ni kubanwa. Shoroba zimejaa mashamba na makazi. Ule wa Igando hadi Igawa, uliounganisha Mpanga-Kipengere na Ruaha, unakatwa na barabara kuu na mashamba. Na mto wenyewe umebadilika. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, jambo ambalo wazee hawakulijua. Maji yake hubaki juu, Usangu, katika majaruba ya mpunga. Sisi sote tunakula wali huo, na kwenye sherehe za upadirisho tunaula kwa wingi. Mkulima wa Mbarali hana kosa kulima. Lakini mnyama aliyekosa maji mtoni atayafuata yalipo, na yalipo kuna watu.

Kuhusu risasi, historia ya nyanda zetu ina somo lake la kutisha. Njombe, kati ya mwaka 1932 na 1947, simba walikula watu. Simulizi za wakati huo zinataja hadi watu 1,500. Mwindaji George Rushby, aliyewamaliza simba hao, alieleza kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa serikali ya kikoloni yenyewe, iliyofyeka wanyama wa pori ili kuzuia sotoka isisambae kwa ng'ombe. Simba wakakosa mawindo, wakageukia mawindo mengine. Afrika Kusini nao walipunguza tembo wa Kruger kwa risasi kwa miongo kadhaa, wakasimama katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2024 Namibia iliamua kuwachinja wanyamapori zaidi ya 700, wakiwamo tembo 83, kwa sababu ya ukame, na nyama ikapelekwa kwa wenye njaa. Hatuwahukumu, mwenye njaa mbele ya nyama hafundishwi ikolojia. Uingereza na Marekani wanasumbuliwa na ayala, yule wa Zaburi ya 42 tunayeimba habari zake bila ya kumwona katika milima yetu. Waliwamaliza mbwa mwitu waliokuwa wakiwala, na sasa ayala wanakula misitu na kusababisha ajali barabarani. Kila mahali simulizi ni ile ile: mtu anaondoa kitu kimoja, kisha anashangaa kingine kinapofurika.

Katekisimu, kuanzia namba 2415, iko wazi kuliko pande zote mbili zinavyotaka. Wanyama ni viumbe vya Mungu na kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya binadamu. Lakini pia si sawa kuwatumia fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa mateso ya watu. Kwa hiyo hatuoni aibu kusema kwamba tembo aliyekwisha kuua, na anayerudi, apigwe risasi na askari wenye mamlaka hayo, mapema, bila ya kijiji kusubiri kibali wakati kinazika wa pili. Na hatuoni aibu kusema kwamba anayetega sumu kwenye maboga au kwenye mzoga anatenda uovu, hata kama hasira yake ina sababu. Sumu haichagui. Inaua simba, tai, mbwa wa jirani na mara nyingine mtoto.

Zipo njia zilizojaribiwa. Kamba na vitambaa vilivyochovywa oili chafu na pilipili kuzunguka shamba. Mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya kuzunguka mashamba, kwa sababu tembo, pamoja na ukubwa wote ule, anamwogopa nyuki. Jambo hilo lilichunguzwa kwanza Kenya na likajaribiwa pia na wakulima wa upande wa Kilombero, chini ya Udzungwa. Kwa wafugaji, maboma ya waya imara badala ya miiba yamepunguza sana ng'ombe wanaoliwa na simba na fisi usiku. Hakuna kati ya hizi inayomaliza tatizo. Nyuki huhama ukame ukizidi, pilipili husafishwa na mvua, na waya una bei. Lakini mkulima mwenye mizinga kumi anapata ulinzi, asali na nta. Ile Mbiu ya Pasaka tunayoiimba usiku wa Vijilia inawataja nyuki kwa heshima, na mishumaa ya altare kwa kawaida huletwa kutoka mbali. Tungependa kuona siku moja mshumaa wa Pasaka wa parokia ya mjini umetengenezwa kwa nta ya uzio wa shamba la Tungamalenga, na mwenye mizinga amelipwa bei nzuri. Hilo halihitaji kibali cha wizara.

Linalotuuma zaidi ni mgawanyo. Vijiji 21 vya Idodi na Pawaga viliunda jumuiya yao ya hifadhi, MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Vilitenga ardhi yao wenyewe kwa ajili ya wanyama, na mapato ya utalii hugawiwa vijijini. Hujengwa darasa, hununuliwa vitanda vya zahanati. Ni jambo jema. Lakini faida inagawiwa kwa kijiji kizima, na hasara inaangukia nyumba moja. Mtu aliyepoteza ekari tatu anaonyeshwa darasa, anaambiwa, tazama faida za uhifadhi. Darasa haliliki. Na faida kubwa kabisa haikai hata kijijini. Inakuja huku mjini, kwa wenye hoteli, wenye magari, wauza mafuta, na kodi inakwenda mbali zaidi. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu mwaka 2017, ulilenga kuongeza faida hiyo. Mwaka 2024 Benki ilisimamisha fedha zake, baada ya malalamiko ya wananchi wa pembezoni mwa Ruaha kuhusu kuhamishwa na kuhusu vitendo walivyodai kufanyiwa na askari. Wengi mjini walisikitika kwamba fedha zimekatika. Wachache waliuliza wananchi wale walilalamikia nini.

Basi tunapendekeza mambo machache kwa Kanisa letu la Iringa na la Mbeya, tukijua kwamba si sisi wenye maamuzi. Tume ya Haki na Amani ipeleke hoja rasmi kwamba neno fidia lirudi katika sheria, pamoja na muda maalumu wa kulipa, na kwamba zile mita 500 za mpakani zisimnyime mtu haki yake. Parokia za mjini zitoe sehemu ya matoleo ya mavuno kwa kaya zilizopoteza shamba mwaka huo. Fedha hiyo, sisi tunaitoa kwa udugu, na tuseme wazi kwamba haimwondolei mwenye tembo deni lake. Na mapadre wakiombwa kubariki mashamba waende, wabariki, kisha wabaki hadi saa tatu usiku waone kinachotokea baada ya baraka.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Madai mengi hukwama kwa sababu ndogo sana: taarifa ilichelewa, ukubwa wa shamba haukuandikwa, hakukuwa na picha, jina kwenye fomu halikufanana na la kitambulisho. Mkulima aliyekesha siku tano hana nguvu ya kupambana na karatasi. Mafrateri wanayo, na kalamu ndiyo kazi yetu. Wakati wa likizo wanapotumwa vigangoni kwa mazoezi ya kichungaji, yule atakayepangiwa Idodi au Pawaga afungashe, pamoja na kanzu na sala ya vipindi, tochi yenye betri mpya, futi kamba ya mita 50, daftari, na simu inayopiga picha zenye tarehe. Aanze kwa mtendaji wa kijiji, aombe kuona fomu za mwaka jana ambazo hazijajibiwa.